Mama Mkwe na Taimingi ya Pikapu

Kati ya kwetu Dranya na mji wa Koboko kuna kijito, na ukishavuka daraja lake barabara inapanda. Si kilima cha kutisha. Wauza mkaa hukipanda na baiskeli zao wakisukuma mwishoni tu. Lakini pikapu yetu, katika miezi ninayoisimulia hapa, ilikuwa haikiwezi ikiwa na watu. Nilikuwa nashuka kwa kasi upande wa huku, navuka daraja, nakanyaga mafuta mpaka chini, na bado katikati ya kilima injini inaanza kukata pumzi. Hapo akina mama waliokaa nyuma na matenga yao ya nyanya wanapiga bodi kwa viganja ili nisimame. Wanashuka, wanakaza vitenge, wanapanda kwa miguu wakipiga soga, nami natangulia na nyanya peke yake. Juu wananikuta nawasubiri, wanaingia tena, safari inaendelea. Wao walishazoea. Mimi sikuzoea.

Asiyeshuka alikuwa mmoja tu, mama mkwe wangu. Yeye alikaa mbele kando yangu, mkoba mweusi magotini, macho barabarani, na hakusema neno.

Pikapu ilikuwa ya marehemu mumewe. Ni ya petroli, ya zamani kiasi kwamba rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka kwa uhakika. Baba mkwe aliitumia kubebea tumbaku, abiria, mabati, maharusi, kila kitu. Alipofariki ikaja kwa mume wangu, na mume wangu alipopata kazi ya ujenzi Kampala akaniachia mimi ufunguo, kwa sababu nilikuwa najua kuendesha. Nimekulia Arua mjini, katika ua wa gereji ya kaka yangu, na nilishika usukani kabla sijashika mwiko vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Dranya kwa muda mfupi tu. Watoto walikuwa bado wanakimbilia barabarani kutazama mwanamke anaendesha.

Mimi na mama mkwe tulikuwa na heshima nyingi na maneno machache. Mimi ni Mlugbara, asili yetu ni upande wa Omugo. Yeye ni Mkakwa. Kikakwa changu kilikuwa cha salamu na chakula, na Kilugbara chake kilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kile cha kwetu kisichojali ngeli: chake alikiokota safarini na mumewe mpaka mipakani, changu nilikiokota soko la Arua. Hata hicho tulikitumia kwa kubana. "Chumvi iko?" "Iko, mama." Basi, jioni ikapita.

Ugonjwa wa pikapu ulianza kidogokidogo. Nguvu zikapungua. Petroli ikawa inanywewa kama maji. Injini ikawa inapata moto hata kabla jua halijakaza. Kisha sailensa ikaanza kulipuka: nikiachia mafuta kwenye mteremko, inapiga mshindo mmoja mkubwa, mbuzi wanatawanyika na watu wanageuka kutazama ni nani amefika. Fundi wa mjini Koboko alibadilisha plagi, ikapona kwa muda, ikaumwa tena. Akabadilisha pointi, ikapona, ikaumwa tena. Nilimpigia simu mume wangu akasema, "Iache tu mpaka nije." Hakusema atakuja lini.

Kilichotuamsha hakikuwa gari lenyewe. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano mkubwa Arua, na mama mkwe alikuwa mmoja wa viongozi wao. Miaka yote, tangu enzi za mumewe, wao walisafiri na pikapu hii. Siku moja alirudi kutoka kikao, akakaa kwenye kigoda jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwa. Nikamletea maji. Akayashika tu.

"Wao natafuta gari ingine," alisema.

"Gari ya nini, mama?"

"Ya kwenda Arua. Wao nasema kwa upole. Nasema, mama, wewe pumzika safari hii. Gari yako imezeeka." Akanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, akaweka kikombe chini. "Kesho asubuhi tunafungua ile boneti. Mimi na wewe."

Sikujua kama nafurahia kufungua boneti au nafurahia yale maneno mawili, mimi na wewe. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa kama mtoto anayesubiri safari.

Asubuhi, kabla hata ya chai, nilimpigia kaka yangu na kuweka simu kwenye spika, juu ya ukingo wa mbele wa pikapu. Alisema hawezi kuja, ameshusha injini ya lori chini na mwenye lori amesimama juu yake. Lakini akamsalimu mama mkwe kwa adabu zote, akamuuliza habari za shamba, za muhogo, za afya, na alisema yote kwa Kiswahili ili mama asikie kila neno. Kisha akaanza kuuliza kama daktari. Inapata moto? Inapata. Inalipua sailensa? Inalipua. Kwenye kilima? Inakufa. Na ikitengenezwa inapona, halafu inarudi vilevile?

"Ndiyo," nikasema.

"Basi hiyo ni taimingi. Plagi inatoa moto, lakini inachelewa. Pistoni inafika juu, inangoja moto, moto haiko. Inaanza kushuka, ndipo moto inakuja nyuma yake. Nguvu inapotea bure. Mama, unanielewa?"

Mama mkwe aliinama kuelekea simu. "Naelewa. Iko kama kutwanga muhogo watu wawili na mchi mbili. Mmoja akichelewa, mwingine napiga mkono yake."

Kutoka upande wa pili kaka akasema, "Mama, hiyo maneno nitatumia hapa gereji."

Akatupa kazi. Kwanza tutoe plagi ya silinda ya kwanza, ile ya mbele kabisa. Kisha tutafute alama ya kuonyesha pistoni imefika wapi, kwenye puli kubwa iliyo chini, mbele ya injini. Hapo ndipo tulipochafuka. Puli ilikuwa imevaa grisi na vumbi la miaka yote ya mwenye gari na mwanawe. Nilichokonoa kwa kijiti, nikapangusa kwa kitambaa chenye petroli, nikazungusha kidogo kwa spana, nikapangusa tena, na mwishowe ukatokea mfereji mwembamba, mwembamba kuliko ukucha. Nilipoinua kichwa kumwambia mama nimeuona, nikainama tena, nilikuwa nimeshaupoteza.

"Ngoja," akasema. Akafungua ule mkoba mweusi na kutoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka.

Nadhani nilikodoa macho, maana sijawahi kumwona na rangi kidoleni. Akaeleza bila haraka kwamba ni ya sufuria. Kwenye sherehe za kanisa sufuria za watu zinachanganyika, na zake zina nukta nyekundu chini, hakuna wa kumbishia. Akapiga magoti, akachora mstari juu ya ule mfereji kwa mkono usiotetemeka, kisha akapuliza ukauke.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kidole. Pistoni inapopanda mara moja inakuwa inatoa moshi, mara nyingine inabana hewa, na sisi tulitaka ile ya kubana. Kaka alisema mmoja azibe tundu la plagi kwa kidole gumba, mwingine azungushe injini kwa spana polepole. Mama mkwe akaziba. Mimi nikavuta spana, nikavuta, jasho likinitoka.

"Hapana kitu," akasema. "Hapana kitu. Bado... Eh. Eh, nasukuma. Nasukuma kidole yangu."

"Vizuri, mama," simu ikasema. "Sasa pole pole mpaka ile mstari yenu nyekundu ifike kwa kipini."

Mstari ukafika mbele ya kile kipini cha chuma kilichochongoka kwenye injini. Tukasimama wote wawili tukiutazama, umekaa mahali pake, mwekundu kabisa. Ni jambo dogo sana kulieleza. Lakini siwezi kusema uongo, nilitaka kucheza.

Halafu tukafika kwenye distribyuta yenyewe, kile kikombe chenye nyaya juu kinachogawia plagi zote moto. Kaka alisema nilegeze nati iliyokishika ili kikombe kizunguke. Nikakishika kwa mkono wa kushoto nipate kuiona nati vizuri, na kikombe kikazunguka chenyewe.

Nikakizungusha tena. Kilikuwa kinakwenda na kurudi kama kifuniko cha chupa.

"Kaka," nikasema, "sijalegeza kitu. Inazunguka."

Alicheka mpaka nikasikia mwenye lori akimuuliza kuna nini. Ndiyo sababu ilikuwa inapona na kuumwa tena. Kila mara fundi alikuwa anaitega taimingi sawasawa, kisha njia ya Dranya na mashimo yake inakitikisa kikombe mpaka kinarudi nyuma. Nati ilikuwa imekaza hewa; chini yake palikosekana kipete cha chuma. Mama mkwe aliondoka bila kuulizwa, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mifupa ya baiskeli ya zamani, akarudi na vipete kadhaa kwenye kiganja, vyote vimesuguliwa kwa mchanga. Cha pili kikaingia kama kilizaliwa pale.

Kilichobaki kilikuwa balbu. Tulichomoa balbu ya indiketa, tukaifunga nyaya mbili: mmoja kwenye waya unaotoka koili kwenda distribyuta, mwingine kwenye bodi ya gari. Pointi ni vichuma viwili vidogo ndani ya distribyuta, na plagi inatoa cheche pale vinapoachana. Vikigusana, balbu inazima. Vikiachana, inawaka. Balbu ndiyo ingetuambia moto unatoka saa ngapi. Nikawasha swichi.

"Zungusha kikombe mpaka taa ikufe," kaka akasema. "Halafu rudisha pole pole. Ikiwaka tu, simama hapo hapo. Hapana pita."

Mama mkwe aliikinga balbu kwa viganja viwili ili jua lisitudanganye. Nikazungusha, ikazima. Nikaanza kurudisha. Nilikuwa nausogeza mkono kwa unene wa karatasi, na karatasi nyingine, na nyingine, na ghafla viganja vya mama vikawa vya rangi ya machungwa kwa ndani.

"Iko!" akasema. Ndiyo mara pekee siku ile alipopaza sauti.

Nami kwa furaha nikasogeza kidogo zaidi. Kidogo tu. Nikakaza nati.

Tukarudisha plagi, nikaingia ndani, nikawasha. Starta ililalamika kidogo, halafu injini ikashika, na ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa gari lile: nyepesi, ya haraka, kama mtu aliyeamka salama. Nilimwambia kaka asikie mwenyewe, nikaibandika simu karibu na injini. Akasema, "Hiyo iko karibu. Sasa pandisha kilima."

Tulikwenda mimi na mama mkwe tu, pamoja na mifuko ya mihogo mikavu nyuma ili pikapu ijue ina mzigo. Tulivuka daraja. Nikakanyaga. Pikapu ikaruka mbele kwa nguvu iliyonirudisha kwenye kiti, na kuanzia chini ya kilima mpaka katikati haikulegea hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu aliponishika mkono.

"Sikia," akasema.

Nikasikia. Ndani ya injini kulikuwa na kitu kinagongagonga, kama punje za mahindi makavu kwenye debe. Nikaachia mafuta, ikanyamaza. Nikakanyaga, ikarudi.

"Hii sauti bwana yangu hapana penda," alisema. "Yeye alikuwa nasimama njiani, nafungua boneti, nageuza ile kitu kidogo. Mimi nakaa kwa kiti yake, nakanyaga mafuta. Yeye nasikia, mimi nakanyaga. Njia ya Ludara, njia ya Arua, kila mahali. Watu nacheka sisi."

Nilimtazama. Miezi yote ile, mkoba magotini na macho barabarani, mimi nilidhani ananihukumu namna ninavyoendesha. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe ni dereva," akasema. "Mimi hapana jua jina ya kitu. Mimi najua sauti tu, na kukanyaga."

Basi tukasimama pale pale kilimani, jiwe nyuma ya gurudumu. Moto sasa ulikuwa unawahi kupita kiasi, kwa ile furaha yangu ya mwisho. Yeye akahamia kwenye kiti cha dereva, akavua viatu, akakanyaga mafuta. Mimi nikalegeza nati na kukigeuza kikombe kwa unene wa karatasi moja. Tukapanda, tukasikiliza. Bado punje chache. Tukarudi chini, tukageuza tena. Watu wa baiskeli walisimama kutushangaa, na mama mmoja wa Ludara aliyekuwa anatoka sokoni na karai kichwani akauliza kama tunahitaji kusukumwa. Mama mkwe akamjibu kutoka dirishani, "Hapana. Sisi natengeneza."

Safari iliyofuata tulivuka daraja na nikakanyaga, na hakukuwa na punje, hakukuwa na kukata pumzi, kulikuwa na injini tu inayovuta kwa sauti moja kutoka chini mpaka juu. Tulipita kileleni bado naongeza gia. Mama mkwe alipiga dashibodi kwa kiganja mara kadhaa, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. Kisha akaanza kunieleza, kwa mfululizo wa maneno ambao sikuwahi kuusikia kwake, jinsi walivyowahi kubeba arusi nzima pamoja na kwaya yake katika gari hili. Hakunyamaza mpaka Koboko mjini.

Habari zilifika kanisani kabla yetu. Gari la kukodi likaachwa.

Siku ya mkutano tulitoka alfajiri, akina mama wamejaa nyuma na magauni yao ya gomesi, wengine wameshika mitandio isipeperuke. Tulipovuka daraja nikaona kwenye kioo wanaanza kujiandaa kushuka kwa mazoea, mmoja ameshainua mkono apige bodi. Sikumpa nafasi. Nilisikia ukelele wa mshangao, kisha vigelegele vikapanda kilima pamoja nasi, na watu wa mashambani wakanyooka na majembe yao kutazama ni arusi ya nani. Kwenye lami tulipita Maracha tukiwa tunaimba. Nilipitwa na mabasi, sikatai, lakini nilizipita pikipiki.

Arua tulipitia kwa kaka yangu kwanza. Aliwasalimu wote, akamsalimu mama mkwe kwa kuinama na mikono miwili, kisha akaleta taa yake ya taimingi, ile inayomweka kwa kufuata cheche za plagi. Akaielekeza kwenye puli injini ikiwa inanguruma. Na ule mstari wa rangi ya kucha, kwenye puli inayozunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, ukasimama tuli mbele ya kipini. Mama mkwe aliinama kuangalia mpaka nikamshika kitenge kisinaswe na mkanda wa feni.

"Inasimama namna gani, na iko nazunguka?" akauliza.

Kaka akamweleza. Kisha, nadhani kwa ajili ya heshima ya gereji yake, akachukua spana na kusogeza kikombe kidogo sana.

Mama mkwe akakunja uso, kichwa upande. "Rudisha," akasema.

Kaka akanitazama mimi. Nikatazama angani. Akarudisha.

Jumatatu yake, tukiwa nyumbani, mama mkwe aliniambia nipeleke pikapu kwenye uwanja wa mpira wa shule. Nilidhani kuna mzigo. Tulipofika alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu na kusimama pale akisubiri.

"Binti yangu, sogea," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Miaka yote mimi nakanyaga, gari hapana tembea. Leo itembee."

Nikamwonyesha klachi, nikamwonyesha gia ya kwanza. Ilizima mara mbili. Mara ya tatu ikaruka kama chura, kisha ikaanza kwenda, polepole, ikikata nyasi kuelekea goli la mbali. Mwili wake wote ulikuwa mbele juu ya usukani, na midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Alipita nje ya goli kwa nafasi nzuri tu. Tulizunguka uwanja. Tukazunguka tena, sasa gia ya pili, vumbi likiinuka nyuma yetu, na wanafunzi wakawa wametoka madarasani na walimu wao wameshindwa kuwarudisha. Simu yangu ikalia. Alikuwa mume wangu kutoka Kampala.

"Nasikia kelele," akasema. "Ni gari gani hiyo?"

"Ni yetu."

"Na nani anaendesha?"

Nikamwekea mama simu sikioni. Alikuwa anakata kona wakati huo, mikono yote miwili ina kazi, na macho yake hayakutoka mbele.

"Piga baadaye," akamwambia mwanawe. "Mimi niko barabarani."